Barua za Mji Mzima

Mwanzoni mwa mwaka 2005 mikataba ilikuwa imekwisha kutiwa saini, lakini bunduki za milimani zilikuwa bado hazijapata habari hiyo. Pale Rumonge, mji wa kando ya ziwa kusini mwa Bujumbura, mtaa wa Waswahili ulikuwa na anwani moja tu ya barua pepe, nayo ilikuwa ya Biasha binti Assumani. Mwenye mwana aliyekimbilia kambi za Kigoma, mwenye binti aliyepelekwa Ulaya pamoja na wakimbizi, mwenye kaka Uvira, ng'ambo ya ziwa, asiyejulikana kama yu hai, wote walikwenda kwa Biasha. Mtu aliketi kwenye kiti cha plastiki, akayatoa yaliyokuwa moyoni, Biasha akayapiga kwa vidole vyake vyepesi, kisha akamsomea. Wengine walilia waliposikia maneno yao wenyewe. Jioni, laini ya simu ikikubali, kompyuta ilipiga simu Bujumbura, ikatoa barua za kwenda na kupokea za kuja.

Kazi hiyo hakuitafuta, ilimfuata. Ujanani alifundishwa kupiga taipu na masista, akaajiriwa ukarani kwenye kiwanda cha mawese. Vita vikafunga kiwanda. Mumewe alikuwa dereva wa basi dogo la Bujumbura. Siku moja basi hilo lilimiminiwa risasi karibu na Kabezi, na tangu siku hiyo Biasha hakuikanyaga tena barabara ile. Alibaki na taipureta yake. Baadaye shirika moja la misaada lililokuwa likifunga virago likamwachia kompyuta. Akaiweka chumba cha mbele, akaifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, akatundika kibao mlangoni: Secrétariat, yaani mahali pa kuchapishia.

Kila mteja mpya alimwambia jambo moja. "Maneno yako yanaingia humu. Kwa kinywa changu hayatatoka." Na kweli hayakutoka. Alijua ni nani aliyekuwa akimdanganya mkewe, ni nani aliyekuwa na ndugu upande wa jeshi na mwingine upande wa msituni, na ni nani aliyekuwa akiomba msaada kwa watu aliowatukana hadharani. Sokoni alipita katikati yao wote na uso mkavu.

Shida ililetwa na disketi. Mwalimu mmoja alikuja kuchapisha mitihani, na ndani ya disketi yake mlikuwa na virusi. Kesho yake hati za watu zikageuka alama zisizosomeka. Biasha akamwita Aruna, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa redio mwenye kibanda ukuta kwa ukuta na nyumba yake. Aruna alikuwa amejifundisha kompyuta kwa kufungua na kufunga.

"Shemeji, hii antivirusi yako imezeeka," alisema. "Haioni tena. Ngoja nikuletee ingine."

Akaleta, akaiweka, lakini ile ya zamani hakuitoa. Alidhani mlinzi mmoja akisinzia, mwenzake atakuwa macho. Kwenye CD hiyo hiyo kulikuwa na kitu kipya kabisa, programu ya kutafuta. Ilikuwa kisanduku kidogo chini ya skrini. Ukiandika jina la mtu, kila barua na kila hati yenye jina hilo ilijipanga mbele yako kabla hujapepesa macho. Biasha alipoona hivyo alipiga makofi. Alikuwa amezoea kupekua mamia ya barua, moja baada ya nyingine, ili amtafutie mzee anwani ya mwanawe.

Furaha hiyo haikudumu. Kompyuta ilianza kuwa nzito. Alipofungua programu ya barua, skrini iliganda, mshale hausogei, kibodi haijibu. Barua za kwenda zilikwama njiani. Za kuja zilikuja mara mbili mbili, au hazikuja kabisa. Watu wakawa wanasimama mlangoni na macho ya kuuliza. Wakati ule, barua ikichelewa, mtu hakufikiria laini ya simu. Alifikiria kaburi.

Aruna akaketi mbele ya mashine mchana kutwa, akizima hiki na kuwasha kile, mpaka akaelewa.

"Shemeji, kosa ni langu," alisema, akijipangusa jasho. "Nimetia fahali wawili mu zizi moja. Sikia. Barua zako zote ziko mu faili moja, kama sanduku. Mulinzi wa kwanza anafungua sanduku, anataka kukagua. Wa pili anaona mutu anagusa sanduku, anafikiri ni mwizi, na yeye anashika. Hii ya kutafuta nayo inataka kusoma kila barua, basi inawaamusha wote wawili kila saa. Halafu programu ya barua inataka kuandika, inakuta mikono ya watu imejaa. Ndiyo maana inaganda."

"Sasa tufanye nini?"

"Huyu mupya nimemulaza. Usimuamushe mpaka nipate njia ya kumutoa vizuri. Na unisikie, shemeji. Akikuta barua moja iko na virusi, hatoi ile moja. Atakuuliza kama afute. Ukisema ndiyo, anafuta sanduku zima."

Mlinzi mpya alipolazwa, mashine ikapata nafuu. Ilikwama hapa na pale, lakini barua zikaanza kupita tena. Miongoni mwa za kwanza kupita zilikuwa za Anastasie.

Huyu Anastasie alikuwa mzaliwa wa upande wa Uvira, aliyeolewa Rumonge zamani, akawa mjane, akawa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, anayejulikana soko zima kwa sauti yake. Lakini kwa Biasha aliingia kimya, na kabla ya kuketi alifunga mlango. Mwanawe Mulamba alikuwa mwendesha boti. Ilisemekana kwamba alivusha watu wenye bunduki kutoka ng'ambo. Mwenyewe alisema walimshika kwa nguvu, wakamwekea mtutu shingoni. Biasha hakujua ukweli uko wapi, wala hakuuliza. Alichojua ni kwamba Mulamba alikuwa amekimbilia kambini Kigoma, kwamba alikuwa mgonjwa, na kwamba alitaka kurudi.

"Andika hivi, dada," Anastasie alisema, mikono yake yenye magamba ya samaki imeshikana mapajani. "Mwanangu, usipite Bujumbura, usipite barabara. Ukija, shukia Kabonga kwa mujomba wako. Ukae ndani. Mimi nitakufuata."

Barua kama hizo zilikwenda na kurudi. Kila moja ilikuwa na neno Kabonga, jina la kijiji cha wavuvi upande wa kusini, karibu na mpaka.

Yule bwana alikuja siku ya soko, jua likiwa limekwisha kupanda. Pikapu nyeupe ilisimama mbele ya mlango, wanajeshi wawili wakateremka na kubaki nje, na watu waliokuwa wakisubiri zamu wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi mahali pengine. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye suti ya kahawia na sauti ya chini. Hakusema ametoka ofisi gani. Katika miaka ile mtu asiyetaja ofisi yake alikuwa amekwisha kuitaja.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, chef. Karibu," Biasha alijibu, kama alivyojibiwa kila mkubwa.

Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akakunja nne, akaweka disketi mezani.

"Tumeambiwa kuna boti zinashusha watu Kabonga," alisema. "Na tumeambiwa watu wa hapa wanaandikiana na ng'ambo kwa mashine yako. Barua za mapenzi sizitaki. Nataka zile zenye neno Kabonga tu. Utie mu disketi hii, niende zangu."

"Chef, barua ni nyingi sana. Kuzipekua moja moja..."

Bwana yule akanyoosha kidole, taratibu, akagusa pembe ya chini ya skrini, palipokuwa na kile kisanduku. "Hii hata sisi tunayo ofisini," alisema. "Haikawii."

Biasha alipiga hesabu upesi. Kukataa kusingesaidia kitu. Wangechukua mashine, wangemchukua yeye, na barua zingesomwa zote, za mapenzi na zisizo za mapenzi. Akaitazama disketi.

"Chef, lazima ikaguliwe kwanza," alisema. Sauti yake ilimshangaza kwa utulivu. "Ingine ya namna hii iliniharibia kazi za watu wote."

Hilo lilikuwa kweli, na labda ndiyo sababu bwana alikubali kwa kichwa. Biasha akaingiza disketi. Kisha, badala ya mlinzi wa zamani, akamwamsha yule mpya.

Alitaka muda tu. Alidhani mashine itaganda, bwana atachoka, atasema atarudi kesho, na kabla ya kesho mtu angeweza kufika Kabonga. Zaidi ya hapo hakuwa amefikiri. Lakini mlinzi mpya alipomaliza disketi hakusimama. Alitumbukia ndani ya kompyuta, akaanza kukagua kila kitu kama mtu aliyelala njaa. Mashine ikanguruma. Dirisha jekundu likafunguka katikati ya skrini, kwa Kifaransa: virusi vimeonekana ndani ya sanduku la barua. Chini yake maneno matatu ya kuchagua. Rekebisha. Tenga. Futa.

Nje, redio ya mmoja wa wanajeshi ikakoroma. Bwana akageuza shingo kuelekea mlangoni.

Biasha alilitazama neno la tatu. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na Mulamba. Mlikuwa pia na binti wa Mzee Faridi aliyeko Norway, ambaye anwani yake haikuandikwa popote pengine duniani. Mlikuwa na mjukuu wa Bi Sharifa, na wengine kwa wengine ambao majina yao yalipita kichwani mwake yakisukumana. Watu walimpa ashike, naye alishika. Bwana akaanza kuugeuza uso wake.

Akabonyeza.

Dirisha jekundu likatoweka. Bwana akasema, "Iko safi?"

"Iko safi, chef."

"Basi andika."

Aliandika Kabonga, herufi kwa herufi, na kwa mara ya kwanza tangu pikapu isimame alivuta pumzi mpaka chini. Sanduku lilikuwa tupu. Wangepata nini ndani ya kitu kitupu?

Kisanduku cha kutafuta kikajibu mara moja: saba.

Hapo ndipo Biasha alipoelewa jambo ambalo hata Aruna hakumwambia. Programu ile haikuwa inasoma barua na kuziacha. Ilikuwa imejiwekea nakala yake yenyewe, mahali pake yenyewe, maneno yote ya mji mzima. Alikuwa amechoma nyumba, na kumbe vitu vilikuwa vimekwisha kuhamishwa.

Mstari wa kwanza ulikuwa unaanza kujichora. Kisha skrini ikawa nyeupe. Fahali walikuwa wamekutana. Mshale ukasimama katikati ya weupe ule kama nzi aliyekufa ndani ya maziwa.

"Saba nini?" bwana aliuliza.

"Sijui, chef. Imeganda. Inafanyaga hivi."

"Izime. Iwashe tena."

Akazima, akawasha. Mashine ikapanda, walinzi wote wawili wakaamka pamoja, skrini ikaganda. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu bwana alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha Biasha kusikia harufu ya sabuni yake. Hakupaza sauti.

"Nani anakutengenezea hii mashine?"

Kutoka upande wa pili wa ukuta ilisikika sauti ya redio inayojaribiwa, wimbo unakuja na kukatika. Aruna alikuwa kazini. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na kosa lake lilikuwa kutaka mashine ya shemejiye ipate walinzi wawili.

"Mimi mwenyewe, chef."

"Wewe?"

"Nimejifunza polepole."

Bwana akaitoa disketi yake. "Basi utakwenda nayo," alisema. "Kama unaijua hivyo, utatuonyesha vile inatengenezwa."

Waliiondoa kompyuta, wakaiweka kiti cha nyuma cha pikapu, na Biasha akaambiwa aishike isianguke. Akaishika mapajani kama mtoto mgonjwa. Gari lilipotoka mjini, aliona watu wa mtaa wake wamesimama mbele ya milango, wanatazama kwa pembe ya jicho. Anastasie alikuwa sokoni nyuma ya rundo lake la ndagala. Siku hiyo hakuwa anapiga kelele.

Barabara ile inafuata ziwa mpaka Bujumbura, milima ikiwa imeinama upande wa kulia. Wakati wa amani hakuna njia nzuri kuishinda. Biasha aliitazama milima tu. Pale Gitaza wanawake walikuwa wakianika samaki, na gari lilipopita waliinama zaidi. Mbele ya Kabezi wakasimamishwa. Mwanajeshi wa barabarani akasema kuna risasi zimesikika huko mbele, wangoje. Dereva akazima injini. Kimya kikaja, na ndani ya kimya hicho sauti kavu kutoka mlimani, mbili, kisha nyingi kwa pamoja.

Hapo ndipo alipouawa mumewe, au karibu na hapo. Hakuwahi kuonyeshwa mahali penyewe. Alifikiri, wa mlimani wakishuka sasa watanikuta ndani ya gari la hawa, na nitazikwa kama mtu wao. Akaanza kusoma kimoyomoyo zile sura fupi alizofundishwa na baba yake, akazikosea, akarudia. Bwana wa suti, aliyekaa mbele, alikuwa anatazama mlima huo huo. Nyuma ya shingo yake palikuwa na jasho. Biasha aliliona, wala halikumfariji. Hatimaye mwanajeshi akapunga mkono na dereva akapita kwa kasi, matairi yakirusha mawe.

Usiku huo alilazwa kwenye benchi katika ofisi isiyo na kibao. Hakupigwa, hakutukanwa. Hakuna aliyezungumza naye, na hilo lilitosha kumnyima usingizi. Asubuhi wakampeleka yeye na mashine kwa fundi.

Fundi aliitwa Mushagalusa, Mkongomani wa Bukavu, mwenye karakana ndogo iliyojaa kompyuta zilizofunuliwa matumbo. Ofisi nyingi za Bujumbura zilimtegemea, na yeye alizitegemea ili aachwe akae mjini. Alipomwona bwana wa suti alisimama upesi mno.

"Iko na nini, chef?"

"Imekataa. Mu iyi mashine kuna barua saba ninazitaka. Zitoe."

Mushagalusa akaunganisha nyaya, akawasha. Ikaganda. Akazima, akashika kitufe fulani wakati inaamka, ikapanda kwa njia nyingine, skrini mbaya yenye herufi kubwa, lakini ikapanda. Biasha aliketi pembeni yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imefungamana. Bwana alisimama mlangoni akivuta sigara, uso nusu ndani, nusu barabarani.

"Antivirusi mbili," Mushagalusa alinong'ona. "Ayii, mama." Akafungua sanduku la barua. "Tupu. Imefutwa." Akamtazama Biasha haraka. "Wewe ndiye ulimuamusha wa pili?"

Biasha alikuwa akikitazama kisanduku kidogo chini ya skrini. Mushagalusa akafuata macho yake, kama mtu anayefuata kidole. Akakifungua. Neno Kabonga lilikuwa bado limeandikwa pale tangu jana. Akabonyeza.

Zikaja. Zote saba, zimejipanga vizuri, na chini ya kila moja mistari michache ya mwanzo. *Mwanangu, usipite Bujumbura, usipite barabara.*

Mushagalusa alisoma. Biasha alimwona akisoma. Mdomo wake ulisogea kidogo, kisha ukakoma.

"Ni mutoto wa mama mumoja," Biasha alisema kwa sauti isiyozidi pumzi. "Ni mugonjwa. Sijui kingine."

Fundi hakumgeukia. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi, havisogei. Kutoka mlangoni bwana akauliza, "Umepata?"

Mushagalusa akaifunga ile orodha. Akajikohoza.

"Chef, hapa kuna programu tatu zinapigana," alisema, na sasa alizungumza kwa sauti ya kazi, ya haraka haraka. "Antivirusi mbili, na hii ya kutafuta. Kila moja inavuta faili ya barua kwake. Ninaonaga hii kila wiki, hata kwa mashirika makubwa. Zikiwa zote tatu, mashine haiwezi kusimama. Lazima nitoe moja ndipo niweze kufanya kazi."

"Utoe gani?"

"Hii ya kutafuta ndiyo inaamusha zingine."

"Ukiitoa, barua zitarudi?"

Mushagalusa alikuwa na jibu mkononi, kwamba barua zote saba ziko humo, ambalo lingemwokoa yeye mwenyewe na shida yoyote. Alifuta jasho la mdomo wa juu.

"Nikiitoa mashine itasimama, chef. Za barua, tutaona mashine ikisimama."

Bwana akatupa sigara, akaikanyaga. Alikuwa mtu mwerevu, na kwa dakika hiyo Biasha aliamini amekwisha kuona kila kitu. Lakini alikuwa ameona mashine ikiganda kwa macho yake, mara tatu, na mbele yake alikuwa na mtu ambaye ofisi nzima ilimwamini.

"Itoe," alisema.

Mushagalusa akaitoa. Ilipouliza kama iondoke na vyote ilivyokuwa imehifadhi, akajibu ndiyo. Kisha akatoa mlinzi mmoja. Kompyuta ikaamka nyepesi kama siku ile shirika lilipomwachia Biasha. Bwana akaja kuinama juu ya mabega yao. Sanduku la barua lilifunguka bila kusita, na ndani yake mlikuwa na barua moja tu, ile ya kukaribishwa ambayo programu hujiandikia yenyewe ikianza upya.

Bwana alimtazama fundi, akamtazama Biasha, akamtazama fundi tena.

"Mashine zenu hizi," alisema hatimaye. Hakuna aliyejua alikuwa anamaanisha nini. Akatoka. Akiwa ameshika mlango wa pikapu akageuka. "Mama, tutaonana."

Gari likaondoka. Mushagalusa akaketi kwenye kiti chake, akaweka kichwa baina ya mikono.

"Murakoze," Biasha alisema. "Mungu akulipe. Kwa nini umefanya..."

"Usiniulize, mama. Nikikujibu nitaogopa." Akainuka, akaanza kukunja nyaya. "Kuna basi linakwenda na wanajeshi wa kulinda. Nitakubebea mashine mpaka stendi."

Rumonge walimpokea kama mtu aliyetoka kaburini. Aruna alilia mbele ya watu. Lakini siku za kufurahi zilipokwisha, watu walianza kuja na kuuliza habari za barua zao, na Biasha aliwajibu kwamba zimeliwa. Kusema ukweli wote kulikuwa sawa na kumrudisha yule bwana mlangoni, na pengine kumpeleka kwa Mushagalusa pia. Akasema mashine iliharibika, yeye hakuwa mwangalifu, wamsamehe. Mzee Faridi aliketi kwenye kile kiti cha plastiki.

"Nilikuwa na mtoto mmoja aliyebaki," alisema. "Nilikupa wewe unishikie." Akajiinua kwa fimbo yake, akaondoka, na tangu siku hiyo akimwona Biasha njiani alikata kona.

Hata Anastasie alimjia juu, sokoni, mbele ya wanawake wenzake. "Dada, hata anwani moja haukuandika pembeni? Hata moja?" Biasha alisimama akasikiliza mpaka mwisho, akanunua ndagala zake, akarudi nyumbani. Hakuna kitu kilichomuuma kama hicho, hata lile benchi la Bujumbura halikufikia. Usiku alijiuliza kama angebonyeza tena. Kila mara jibu lilikuwa ndiyo, na kila mara lilimuuma.

Hata hivyo anwani ilikuwa hai. Aliyekumbuka kuandika, barua yake ilifika. Kwa hiyo Biasha aliwasha mashine kila jioni, akangoja. Zikaanza kuja, moja leo, moja juma lijalo. Mjukuu wa Bi Sharifa aliandika kutoka Lubumbashi akiuliza kwa nini wamemnyamazia. Binti wa Mzee Faridi hakuandika mwaka ule. Aliandika mwaka uliofuata, kulalamika, na Biasha akaichapisha barua hiyo akaenda nayo mwenyewe mpaka nyumbani kwa mzee. Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Kumkaribisha ndani, hakumkaribisha.

Ya Mulamba ilifika mapema zaidi, mvua za masika zikiwa zinamalizika. Biasha alimwita Anastasie mchana, akafunga mlango na dirisha, chumba kikawa na joto la tanuri.

"Nitakusomea," alisema. "Kisha nitaifuta. Haitabaki humu hata siku moja. Basi sikiliza vizuri."

Akamsomea. Mulamba alikuwa amepona, alikuwa tayari kuvuka, alitaka ruhusa ya mama yake. Anastasie alisikiliza huku amefumba macho. Kisha akasema, bila kelele zake za sokoni, "Muambie asije. Muambie akae huko mpaka nchi itulie, hata kama ni miaka. Muambie mimi niko muzima."

Biasha akapiga, akatuma. Mulamba alisubiri. Alirudi vita vilipokwisha kabisa, kwa boti ya wakimbizi wanaorudishwa, mchana, jina lake likiitwa kwa kipaza sauti.

Lakini siku ile hakuna aliyejua hayo. Biasha aliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, Anastasie akamshika mkono.

"Ngoja, dada. Nisomee tena."

Akamsomea tena. Anastasie akawa anarudia kila sentensi nyuma yake, polepole, mpaka akaweza kuisema yote peke yake. Ndipo akauachia mkono wa Biasha. Alifungua mlango akatoka juani, kikapu kichwani, midomo ikicheza, akashika njia ya sokoni.